Si Bangi, Ni Pilipili Mbuzi

Najua habari imeshafika Temeke, tena imetiwa chumvi. Jamaa yangu aliyekuwa hewani kwenye simu ya video anawaambia nimefumwa na bangi huku Aberdeen, Uskoti, nikiwa uchi. Bangi haikuwepo. Huko kwenye uchi tutafika.

Desemba huku jua linakaa kama saa 7 tu kwa siku, na pilipili mbuzi inataka mwanga wa saa 14 mpaka 16. Ndiyo maana nina taa ya LED ya wati 100, nyekundu na bluu kwa pamoja. Ukiwa nje, dirisha langu linawaka zambarau kama ukumbi wa harusi. Chumba nakiweka nyuzi 24, maana baridi ikishuka chini ya 15 usiku maua yanapukutika. Kwa joto hilo navaa msuli tu. Na kodi yangu umeme umo humo humo. Mnaona tunakoelekea.

Sasa, ndani hakuna nyuki wala upepo. Ua la pilipili linajichavusha lenyewe, ila lazima litikiswe, la sivyo kikonyo kinageuka njano na ua linadondoka. Natumia mswaki wa umeme: gusa kikonyo nyuma ya ua sekunde 2 au 3, petali usiziguse. Fanya mchana, hewa ikiwa kavu. Kwenye unyevu chavua inagandana. (Mnaouliza brashi ya rangi: inafaa, ila utazeeka.)

Basi nipo juu ya kiti, taarabu inalia, nabembeleza ua: "Haya mwali, jitikise." Mswaki unanguruma. Hodi sikuisikia.

Mlango ukafunguka. Bibi mwenye nyumba, na nyuma yake fundi umeme. Bibi akaitazama taa. Akayatazama majani. Akanitazama mimi. Nikanyoosha mikono yote miwili juu, wala hakuna aliyeniamuru. Tumbo ndilo lililokuwa likiushikilia msuli, na kwa hofu nikalivuta ndani. Msuli ukalegea kushoto. Nikaubana kwa goti. Ukahamia kulia, ukateremka taratibu, hauna haraka na mtu, mpaka kwenye kiti. Mswaki bado unanguruma hewani. Kwenye simu jamaa anapiga mayowe, "Rudia! Rudia!"

Nilikuwa na bukta, jamani! Ya kijani na njano ya Yanga, na hiyo ndiyo inayomuuma yule jamaa wa Simba.

Fundi akapiga hesabu: wati 100 kwa saa 14 ni uniti 1.4 kwa siku, mlaji mkubwa ni hita. Akakataa kwamba pilipili ni kali, akaing'ata. Akakimbilia bomba, nikamwambia maji hayaondoi ukali huo, kunywa maziwa. Akamaliza paketi nzima. Kodi imepanda.

Na wewe unayeuliza kila dakika: mswaki wa meno ni mwingine.