Gari Linapona Gereji, Linaugua Nyumbani

Gari langu ni saluni ya Kijapani ya mwaka 1997, otomatiki, injini ya cc 1500, na kwa muda mrefu halikuwa na neno. Kisha likaacha kuchanganya, yaani kushika kasi. Sisemi kwamba lilikuwa linazimika, linatoa moshi au linamisi. Hapana. Ukitia ufunguo linawaka, sailensa imetulia, linaondoka kwa adabu zote. Likikaribia kilomita hamsini kwa saa linaona limeshatimiza wajibu. Kuanzia hapo unakanyaga mafuta mpaka kidole gumba kinapata ganzi, lenyewe linatembea kama bibi harusi anayeingia ukumbini.

Tanga mjini ni tambarare, ugonjwa wa namna hiyo unaweza kufichika. Kutoka Chumbageni kwenda Ngamiani nani ana haraka? Shida ni aibu. Njia ya Raskazone nilipitwa na bajaji iliyobeba friji, na dereva wake akanipungia mkono. Angenitukana ningeelewa, ila ule mkono ulikuwa wa pole. Halafu kuna kijana wa baiskeli, kapakia mikate nyuma, akaja sambamba na dirisha langu akasalimia, "Shikamoo baba, mafuta yamekata?" Nikamwitikia marahaba. Hilo la mafuta sikulijibu, na yeye hakusubiri. Akatangulia.

Sasa mji huu kila aliyekaa barazani ni fundi. Muuza kahawa akasema nimewekewa mafuta yenye maji. Shemeji yangu akasema gia boksi imechoka, tena akalisema kwa furaha, maana mwaka ule alinikataza kununua otomatiki. Mjomba akauliza tu, "Siku za karibuni umelipaki mbele ya nyumba ya nani?" Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kukaa nasi, hakutia neno. Ila jioni nilimwona amesimama ubavuni mwa gari na tasbihi, akilisomea.

Nikalipeleka kwa fundi wangu, yule wa chini ya mwarobaini. Ni mtu makini, hakurupuki kufungua nati. Akaniambia injini inataka vitu vitatu: hewa, mafuta na moto, kimojawapo kikipungua gari halivuti. Akatoa filta ya hewa, akaipiga mwanga wa jua, safi. Akafungua plagi zote nne, akazitazama akatikisa kichwa: zimeliwa, weka mpya. Nikanunua. Filta ya mafuta nayo ikabadilishwa, kisha akafunga geji kuona pampu inasukuma sawasawa. Inasukuma. Mwisho akasimama mbele ya boneti iliyo wazi, akaishika throto, kile kilango kinachopitisha hewa kuingia injini, akaivuta kwa mkono. Injini ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakapanda ukuta.

"Kaka, injini nzima hii," akasema. "Twende tukajaribu."

Tukatoka naye njia ya Pongwe. Wallahi gari lilipaa! Nikalipa bila kuomba punguzo, nikarudi nyumbani nikipiga honi kwa watu nisiowajua.

Asubuhi yake nampeleka mtoto shule, tukapitwa na watoto wanaokwenda kwa miguu.

Nikarudi kwa fundi. Akaingia yeye, akaendesha, gari likachanganya mpaka nikashika mlango. Nikaingia mimi, likachanganya pia. Akanitazama kwa upole unaoudhi. "Labda kaka una mguu mwepesi." Spana boi wake akaangusha spana kwa kucheka. Nina miaka mingi kwenye usukani, leo naambiwa nina mguu mwepesi!

Kwa hasira nikahama gereji. Fundi wa pili alikuwa na jibu kabla sijazima gari: masega. Akanieleza vizuri, nami namheshimu kwa hilo: ndani ya bomba la ekzosi kuna masega ya kusafishia moshi, yakiziba moshi unakosa pa kutokea, na injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine. Tayari alishaagiza msumeno. Nikamsihi apime kwanza. Akaweka kiganja nyuma ya bomba, spana boi akavuta throto, moshi ukausukuma mkono pembeni. Tukaenda kuzunguka, gari likaenda mbio. Akarudi amenuna. "Masega hayajaziba. Labda yanaziba likiwa kwako."

Likiwa kwangu! Basi ndipo hata mimi, niliyekuwa nikimcheka mjomba, nikaanza kutazama ukuta wa jirani kwa jicho jingine. Maana nyumbani hakukuwa na jambo jipya. Utaratibu wetu ulikuwa mmoja: gari likienda gereji, mke wangu anatoa vitu vya maana visipakwe grisi, yaani mwavuli, mto wa kuegemea na zulia la mama yake. Likirudi, anavirudisha. Lipi la ajabu hapo?

Ikaja harusi ya Lushoto. Ndoa inafungwa saa nane mchana, na mama mkwe ni shangazi wa bwana harusi, hawezi kuchelewa. Tukaondoka alfajiri. Mpaka Muheza tulivumilia. Baada ya Segera malori yakaanza kutupita, moja limejaa machungwa, utingo wake kalala juu ya mzigo, mguu kaning'iniza. Mke wangu akatazama nje. Mimi nikatazama geji ya mafuta, ilimradi nitazame kitu.

Mombo ndipo mlima unapoanza. Ni kilomita thelathini na ushee mpaka Lushoto, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine unaona mapaa ya watu. Gari likapanda kidogo, likapunguza, likapunguza tena. Nyuma yetu Coaster ikapiga honi ndefu. Mama mkwe akaanza Ayatul Kursiyu kwa sauti. Penye upana nikaegesha, mbele ya mzee aliyekuwa akiuza pea na karoti chini ya mwavuli.

"Mgosi," akaniita, "limechemsha?"

"Halijachemsha, mzee. Halichanganyi."

Kumbe enzi zake alikuwa dereva wa malori ya mkonge. Akafuta mikono, akaniamuru nifungue boneti, nirudi kwenye usukani, injini nisiwashe. Nikashangaa, mgonjwa anapimwaje akiwa amelala? Akainama pale kwenye throto.

"Kanyaga mafuta mpaka mwisho."

Nikakanyaga.

"Nimesema mwisho."

"Ndio mwisho, mzee."

"Mwisho wa nini? Kanyaga!"

"Mzee, nikizidisha hapa natoboa gari!"

Kimya. Kisha nikasikia kebo inavutwa kwa mkono, na pedali ya mafuta ikaniponyoka chini ya kiatu ikaenda mbali kuliko nilivyowahi kuipeleka. Ikasukuma kitu laini, ikakwama. Mzee akaja mlangoni, akainamia miguu yangu. Akavuta.

Likatoka zulia la mkonge, nene vidole viwili, pindo jekundu, limeshonwa kwa kipimo cha gari langu. Pedali ilikuwa inalala juu yake ikiwa haijafika hata nusu ya safari, kwa hiyo throto ilifunguka theluthi tu. Hata gia nayo ilidanganyika, maana kebo yake imeungwa palepale, ikaona dereva hana haraka, hivyo haikushuka. Na ile taa ya injini kwenye dashibodi ingewakaje? Sensa ilikuwa inaona throto iko theluthi, na kweli ilikuwa theluthi. Mafundi wote walikuwa wanavuta throto kwa mkono, na wakiendesha, zulia liko nyumbani linaogopa grisi.

Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika huku ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, kule Pangani, na kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba yote ya mkonge wa Tanga, kamba, magunia, na hili zulia. Nilisimama pale Mombo nikijiuliza ile meli ilikuwa na haraka gani.

"Na ushukuru," mzee akanong'ona. "Lingepanda juu likaigandamiza pedali chini, kwenye kona hizi ungeshuka na mwamba. Nani kakutandikia?"

Nikakohoa. Kioo cha nyuma kikashuka.

"Nimelitandika mimi," akasema mama mkwe. "Lina nini?"

Yule mzee kapanda mlima huu na matani ya mkonge, lakini sidhani kama aliwahi kubadili gia haraka namna ile. "Halina kitu, mama! Kazi hii nzuri mno, ndio nikawa namgombeza huyu kijana. Zulia la heshima hivi analitia viatu?" Akalikung'uta vumbi, akalikunja, akampa kwa mikono miwili. Mama mkwe akalipokea, akalipakata, akaniangalia mimi. Nikanunua karoti nyingi kuliko tulizohitaji.

Nikawasha. Nikakanyaga, pedali ikaenda mpaka kwenye bati, gia ikashuka, gari likaruka likaukamata mlima. Nikaipata ile Coaster, nikaipita. Nikalipata lori, nikalipita, honi juu. Mbona sikujua gari langu lina nguvu hivi! Kabla ya Soni kuna kona za kufuatana, nikazikata moja baada ya nyingine, kaseti inaimba taarabu, watoto wanashangilia, mke wangu amefumba macho.

"Baba Zuhura!"

"Naam, mama."

"Simamisha gari."

Nikasimamisha. Zulia likapita juu ya bega langu, likatua mapajani.

"Tandika. Palepale lilipokuwa."