Mwacheni Mgonjwa Ale

Orodha iliyoletwa nyumbani kwetu Ujiji hivi karibuni, ikiwa imeandikwa kwa mwandiko unaosomeka kuliko cheti chochote cha hospitali, inamkataza mama yangu mdogo sukari, nyama, mayai, maziwa na "kila kilichopita motoni". Aliyeileta ni jirani anayempenda kwa dhati, na alikuja na chupa ya juisi ya majani mabichi ya mlonge. Mama mdogo, ambaye anatibiwa saratani ya matiti huko Mwanza na hurejea nyumbani baada ya kila dripu ya dawa za kuua seli za saratani, alishukuru kwa adabu, kisha akaanza kuifuata. Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokwisha.

Sukari, tunaambiwa, inalisha saratani. Ni kweli kwamba seli za saratani hutumia glukosi, yaani sukari iliyomo katika damu, lakini hata ubongo wa mtoa ushauri huitumia, na mgonjwa asipokula, ini lake litaitengeneza kutokana na protini ya misuli yake mwenyewe. Anayekimbia kijiko kimoja cha sukari katika uji hadi akaacha uji wenyewe hakomoi saratani, anajikomoa yeye.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hakuna anayeuliza dripu ile inafanya nini tumboni. Dawa hizo huwinda seli zinazogawanyika upesi, wala hazibagui. Ndiyo maana nywele hunyonyoka, na ndiyo maana utando wa ndani wa utumbo, ambao kwa kawaida hujifanya upya kila baada ya siku 3 hadi 5, hubaki umechubuka. Wengine huharisha, wengine hufunga choo, hasa wanaomeza ondansetroni ya kuzuia kutapika, na wengi hupata vidonda mdomoni. Utando huo hujengwa kwa protini. Miongozo ya Ulaya ya lishe ya wagonjwa wa saratani hutaja zaidi ya gramu 1, ikiwezekana hadi gramu 1.5, kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 60 hadi 90 kwa mwanamke wa kilo 60. Nangoja kuambiwa ni ndoo ngapi za juisi ya mlonge zitafikisha kiwango hicho.

Nasi tunaishi kando ya Ziwa Tanganyika, ambako dagaa wakavu, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, huanikwa mbele ya macho yetu! Mama mdogo alipolalamika kwamba kila chakula kina ladha ya chuma, tuliwatoa dagaa vichwa, tukawatwanga hadi wakawa unga, tukaupika na nyanya na mawese kidogo, bila pilipili wala ndimu kwa ajili ya vile vidonda. Alikula na ugali laini wa muhogo, matonge machache, akapumzika, akala tena.

Kuhusu hilo la moto, orodha imepinda kabisa. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, huwa zimeshuka sana kwa wagonjwa wengi, na utumbo uliochubuka huwapa vijidudu njia ya kuingia katika damu. Majani yaliyooshwa kwa maji yasiyochemshwa, au mgando wa maziwa mabichi, ndivyo vya kuogopwa siku hizo, wakati yai lililochemshwa likaiva halina hatia yoyote. Homa ikifika nyuzi 38, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba jirani hakukosea yote. Nyuzinyuzi za mboga na maharage huwalisha bakteria wema wa utumbo, na aliyefunga choo anazihitaji pamoja na maji mengi. Anayeharisha azipunguze kwanza na anywe ORS, ile chumvi ya pakiti inayochanganywa na maji. Wapo pia wanawake wanaonenepa wakati wa matibabu, na hao hawahitaji kusukumiwa soda. Mlonge wenyewe ni mboga nzuri ikipikwa. Dawa za mitishamba za chupani, hata hivyo, daktari aambiwe kabla hazijanywewa, kwa sababu baadhi yake hugongana na dawa za hospitali.

Wageni waendelee kuja kumjulia hali, karibuni sana. Mwenye kutaka kubeba kitu abebe trei ya mayai, na mwenye orodha nyingine aambatanishe nauli ya basi la Mwanza, maana hiyo ndiyo inayotukosesha usingizi.