Betelgeuse Haikumpa Mtu Tarehe

Imerudi tena ile video. Kila ikipita miezi kadhaa inaibuka upya, na safari hii imevishwa muziki wa kutisha na sauti nzito ya bwana mmoja anayesoma kama anayetangaza msiba: nyota kubwa kuliko jua italipuka wakati wowote, wanasayansi wamethibitisha, jiandaeni. Kisha inakuja picha ya majua mawili angani na watu wanakimbia ovyo, hata haijulikani wanakimbilia wapi. Nimetumiwa na kila mwenye simu katika ukoo wetu, tena kwa ile kauli maarufu: "Nimetumiwa, nami nawatumia."

Ningeipita tu kama ninavyozipita zile za tiba za miujiza. Lakini mtoto wa dada yangu, aliye darasa la nne, aliisikia ikichezwa sebuleni. Usiku akaomba simu ya mama yake akanipigia. "Mjomba, ikilipuka tutakuwa tumelala?"

Sasa mtu mzima amekaa mahali na programu yake ya kuhariri video, anavuna watazamaji, na mtoto wa miaka tisa hapati usingizi. Naomba nisiwe mpole leo.

Betelgeuse, ile nyota nyekundu ya begani mwa Orioni, kundi la nyota linalochorwa kama mwindaji, italipuka kweli. Hilo halina ubishi. Ni jitu lililovimba kiasi kwamba ukiiweka mahali pa jua letu itaimeza dunia, iimeze na Mirihi, na bado isishibe. Imeishi miaka kama milioni 8 hadi 10, na kwa nyota nzito namna ile huo ni uzee. Wanaastronomia wakisema imekaribia kulipuka, wanamaanisha ndani ya miaka 100,000 hivi ijayo. Bwana wa sauti nzito aliiona sentensi hiyo, akaisoma hadi katikati, akakimbilia kurekodi.

Lakini si hilo linaloniudhi zaidi. Linaloniudhi ni hizi "dalili". Kila video ina dalili: nyota imefifia, nyota imeng'aa, nyota imebadilika rangi, basi imekaribia. Chanzo cha mchezo huu ni mwishoni mwa 2019, Betelgeuse ilipoanza kufifia hadi mtu asiye na darubini akaliona badiliko kwa macho yake. Kufikia Februari 2020 ilikuwa imepoteza karibu theluthi mbili ya mwanga wake. Dunia nzima ikakaa mkao wa kula. Aprili ikawa imerudia hali yake. Baadaye ikafahamika kwamba nyota ilikuwa imetapika bonge la gesi, gesi ikapoa ikawa vumbi, na vumbi likaziba sehemu ya uso wake tukiwa tunaitazama. Wingu la vumbi, basi. Halafu 2023 ikang'aa kupita kawaida yake, na walewale waliosema kufifia ni dalili wakasema kung'aa ni dalili. Kwa mtindo huo hata ikibaki vilevile itakuwa dalili.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndicho kitu ambacho hakuna video hata moja inayokisema: uso wa nyota hauna habari na yanayotokea kiini. Mauti ya nyota kubwa hupikwa ndani kabisa, kwenye kiini ambacho ni kidogo mno ukikilinganisha na lile ganda lililovimba. Chukua nyota yenye uzito wa majua 25. Haidrojeni ya kiini inaichukua miaka kama milioni 7 kuiunguza, yaani kuiunganisha iwe heliamu. Heliamu inayobaki, miaka kama 700,000. Kisha mwendo unabadilika. Kaboni, miaka 600. Neoni, mwaka mmoja. Oksijeni, nusu mwaka. Silikoni, siku moja.

Siku moja! Nyota iliyoishi mamilioni ya miaka inamaliza mafuta yake ya mwisho kati ya asubuhi na asubuhi. Kinachobaki kiini ni chuma, na chuma hakitoi nishati kikiunganishwa, kinaila. Tonge la chuma lenye ukubwa unaokaribia wa dunia hii, lakini lenye uzito wa jua zima na zaidi, linaporomoka kwa muda usiofika sekunde moja na kuwa kitu cha makumi ya kilomita tu. Wakati wote huo ganda la nje linaendelea na shughuli zake, linavimba na kunywea, linatapika vumbi lake, halijui kwamba chini yake msingi umekwisha kuondoka. Mambo ya ndani yanakwenda kasi kuliko ganda linavyoweza kuitikia. Inavyoaminika na wengi wanaoichunguza, Betelgeuse ingali kwenye hatua ya heliamu, kwa hiyo hata foleni ya kaboni haijaingia. Mtu anayekuambia ameona dalili usoni mwake anapiga ramli.

Mnataka ushahidi? Kuna nyota inaitwa Eta Carinae, iko mbali, kama miaka ya nuru 7,500 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja). Miaka ya 1840 ilifoka kwa namna ambayo mwaka 1843 ilikuwa ya pili kwa kung'aa katika nyota zote za usiku, nyuma ya Sirius peke yake. Ilimwaga angani gesi yenye uzito wa majua kadhaa. Yeyote aliyeiona angesema imekwisha hiyo. Mpaka leo ipo, imejifunika gesi yake yenyewe, inasubiri siku yake kama wengine.

Sasa linganisha na Sanduleak -69 202. Nani aliwahi kuisikia? Ilikuwa nyota ya buluu katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu, imetulia, imeorodheshwa kwenye katalogi pamoja na maelfu ya nyingine, na vitabu vya wakati ule vilitarajia nyota nyekundu ndizo zilipuke, si za buluu. Februari 1987 ikalipuka. Ikaonekana kwa macho matupu kutoka umbali wa miaka ya nuru kama 160,000. Iliyopiga kelele ingali hai, na isiyosema neno ndiyo iliyotutoka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema wakiwa na mambo mengine akilini, lakini hapa imekaa mahali pake.

Sawa, nikubali moja kabla hamjaniletea kwenye maoni. Mwaka 2020 nyota moja jitu jekundu, katika galaksi iliyo mbali mno, ilionekana iking'aa kwa siku kama 130 kabla ya kulipuka. Kwa hiyo zipo nyota zinazotoa ishara. Nimekubali, shingo upande. Ila angalieni: ile iling'aa, haikufifia, na waliojua kwamba ilikuwa ishara walijua baada ya mlipuko, walipofukua picha za nyuma. Ishara inayotambulika baada ya tukio haimsaidii mtu kutangaza tarehe.

Halafu kuna wale wajanja wa kundi la pili, wanaosema kwa tabasamu: "Huenda imeshalipuka zamani, mwanga tu ndio haujafika." Inasikika kama elimu ya juu. Fanyeni hesabu basi. Mwanga wa Betelgeuse unatumia miaka kama 600 kutufikia, na wengine wanapima pungufu kidogo au zaidi kidogo. Muda wa kulipuka ni wowote ndani ya miaka kama 100,000. Gawanya 600 kwa 100,000 uone kama utafika asilimia moja. Hufiki. Uwezekano mkubwa kupita kiasi ni kwamba nyota ipo pale pale muda huu, inaunguza heliamu yake na haina haraka na mtu.

Na ikilipuka itatuua? Haituui. Mlipuko wa namna hii, unaoitwa supanova, unakuwa hatari kweli kwa viumbe ukiwa ndani ya makumi machache ya miaka ya nuru, na katika eneo hilo hakuna nyota inayongoja kulipuka. Nyota ya Spica, moja ya zinazotajwa, iko mbali kiasi cha miaka ya nuru 250. IK Pegasi, ambayo watu hupenda kuitishia wenzao, iko kama 150 na haijafika kokote. Chini ya bahari ya Pasifiki zimepatikana chembe za chuma-60, aina ya chuma isiyodumu inayotengenezwa na nyota za namna hii, na umri wake unaonyesha kwamba supanova zilitokea jirani na sisi miaka kama milioni 2 hadi 3 iliyopita. Mababu wa binadamu walikuwapo. Waliendelea na maisha yao, na ushahidi ni huu hapa, mimi na wewe.

Siku ya Betelgeuse ikifika tutaona nyota inayong'aa takriban kama mwezi nusu, inaonekana hata mchana kwa miezi, kisha inafifia taratibu mpaka Orioni inabaki bila bega. Mimi natamani niwepo. Tangu 1604, ile aliyoichunguza mwanaastronomia Kepler, hakuna supanova ya galaksi hii yetu iliyoonekana wazi kwa macho matupu. Vizazi na vizazi vimekufa vikisubiri, na Galileo aliyeiwahi hiyo ya 1604 hakuwa bado na darubini. Mtu akitufanya tuliogope jambo ambalo tungepaswa kulionea wivu, ametuibia.

Sayansi nayo hutoa tarehe mara mojamoja, msidhani inaogopa. Mwaka 2017 watafiti huko Marekani walitangaza kwamba nyota mbili zinazozungukana, KIC 9832227, zitagongana na kuwa moja mwaka 2022. Si supanova, lakini ingeonekana kwa macho. Mwaka uliofuata watafiti wengine walirudia hesabu, wakakuta kipimo kimoja cha zamani kiliandikwa na saa iliyokosewa kwa saa 12. Saa 12 tu, utabiri wote ukaanguka, na aliyeutoa akakubali hadharani. Nangoja siku mwenye video atakapoweka video ya pili kusema ile ya kwanza ilikuwa uongo.

Onyo la kweli, likija, halitatoka kwenye mwanga kabisa. Kiini kinapoporomoka, sehemu kubwa mno ya nishati, kama asilimia 99, huondoka na nyutrino, chembe zinazopenya ganda lote la nyota kana kwamba halipo, wakati mshindo wenyewe ukihangaika kwa saa nyingi kufika juu. Mwaka 1987 vitambuzi vilivyofukiwa chini ya ardhi Japani, Marekani na Urusi vilinasa nyutrino zisizozidi 25 kwa jumla, saa kama tatu kabla mwanga haujaonekana. Hizo 25 zilithibitisha kwamba ile hadithi ya kiini kuporomoka si ya kubuni. Betelgeuse iko karibu zaidi ya mara 200, kwa hiyo vitambuzi vya leo vitafurika, na baadhi yavyo vinaweza hata kuzihisi nyutrino za silikoni inayoungua, saa kadhaa kabla ya mporomoko wenyewe.

Vitambuzi vingi vya aina hiyo vimeunganishwa kwenye mtandao unaoitwa SNEWS. Vikipata mshituko kwa pamoja, barua pepe inatoka yenyewe. Mtu yeyote anaweza kujiandikisha aipokee, na ni bure. Mtandao huo umekesha tangu 2005 na haujatuma tahadhari ya kweli hata moja.