Kunyonya oili kwa pampu: mafundi wana hoja, ila sio ile wanayoisema

Taja pampu ya kunyonya oili gereji yoyote ya Dar uone, jibu ni lilelile, uchafu unabaki chini ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Halafu kicheko kidogo kinafuata, maana kwao mtu anayenyonya oili kupitia bomba la dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, badala ya kulala chini afungue nati ya kumwagia oili ni mtu wa ofisini anaogopa kuchafua shati. Upande wa pili wapo walionunua hizo pampu, wengi wana Subaru Forester au Benzi, na wanaapa hawarudi gereji kwa ajili ya oili mpaka siku wanauza gari. Mimi nimetumia njia zote mbili, na naona pampu inasemwa vibaya kwa sababu isiyo yenyewe, wakati sababu ya kweli ya kuikataa ipo na karibu hakuna anayeitaja.

Kwa ambaye hajaiona, ni tangi la plastiki la lita 6 au 7 hivi, juu lina mkono wa kusukuma, unasukuma unatoa hewa iliyomo ndani, mrija mwembamba umeshauingiza kwenye bomba la dipstiki mpaka umegonga chini, na oili ikiwa ya moto inapanda yenyewe taratibu. Dakika 10 mpaka 20, wewe umekaa pembeni unakunywa chai. Gari haijanyanyuliwa, hakuna aliyeingia uvunguni.

Sasa tuje kwenye huo uchafu. Picha aliyonayo mtu kichwani ni kwamba oili inakaa kama maji ya kisima, tope limetulia chini na juu kuko safi, kwa hiyo ukinyonya kwa juu umeacha tope. Ila mrija haunyonyi juu, unagusa sakafu ya sampo. Na oili ya kisasa ina viambato vya kuosha na vya kuushikilia uchafu usitulie, ndiyo maana inakuwa nyeusi, ule weusi ni uchafu unaoelea na unatoka pamoja na oili ikiwa imechemka. Kama sampo yako ina tope la kweli lililoganda kama grisi, basi hilo halitoki kwa mrija na halitoki kwa nati pia, hilo linataka sampo ishushwe ioshwe, na limetokana na mtu kukaa na oili mpaka ikachoka kabisa, halina uhusiano na namna ya kuitoa.

Ngoja tupige hesabu hapa, maana hiki kipengele watu wanakipita haraka mno. Chukua injini ya 1NZ ya Toyota, ile ya IST, Fielder na ndugu zake wengi. Ukimwaga kwa nati na ukabadilisha filta inachukua lita 3.7. Injini hiyohiyo ikiwa kavu kabisa, imefunguliwa na kufungwa upya, inataka zaidi ya lita 4. Maana yake nini? Maana yake hata fundi akifungua nati na kuiacha idondoke mpaka tone la mwisho, kuna oili ya zamani imebaki kwenye njia za ndani, kwenye pampu ya oili ya injini yenyewe, kwenye silinda hedi, na hakuna anayeilalamikia. Hakuna sevisi ya kawaida inayotoa oili yote. Haipo.

Sasa tuseme pampu yako ni mbovu kidogo, au mrija haukufika pale penyewe, ukaacha nusu chupa ya maji, ml 300. Kati ya lita 3.7 hiyo ni asilimia 8. Sevisi inayofuata ukiacha tena ml 300, ile oili ya zamani sana iliyobaki humo ni asilimia 8 ya asilimia 8, yaani haifiki hata asilimia 1. Hairundikani! Watu wanaongea kana kwamba kila ukinyonya unaongeza tabaka jipya la uchafu na baada ya miaka mitano injini imejaa lami, hesabu haikubali. Kama bado roho haijatulia, wewe uliyekuwa unabadilisha kila kilomita 5,000 badilisha kwenye 4,600, umeshafidia. Binafsi nawaona watu haohao wanaoogopa hizo ml 300 wakikaa na oili mpaka kilomita 9,000 kwa sababu mwezi umekuwa mbaya, na hilo haliwanyimi usingizi.

Na wala hii sio njia ya vichochoroni. Gereji nyingi zinazohudumia Mercedes huko Ulaya na Marekani zimenyonya oili kwa miaka na miaka. Gari dogo la Smart lililotoka 1998 lilitoka kiwandani halina kabisa nati ya kumwagia, ukitaka kutoa oili unanyonya, basi. Boti zenye injini ya ndani nazo hivyohivyo, chini ya injini hakuna nafasi ya kuweka hata sahani, uvungu utautoa wapi.

Kinachonifanya niitetee pampu zaidi ya yote hayo ni nati yenyewe. Nati ya sampo ya Toyota nyingi ndogo ni ya spana namba 14, inatakiwa kukazwa kwa nguvu ya kawaida tu ya mkono mmoja, na washa mpya, ile pete ya kuzibia, kila sevisi. Nani anaweka washa mpya? Fundi anaipangusa ya zamani na kitambaa, anairudisha, ikivuja kidogo anakaza zaidi, sevisi inayofuata fundi mwingine anaikuta ngumu anaweka bomba kwenye spana kuongeza urefu, anafungua, na wakati wa kufunga anakaza kwa bomba hilohilo maana "isije ikakuachia njiani bosi". Baada ya sevisi kadhaa thredi, yale meno ya nati, zimelika. Nimeona nati ya Fielder imevishwa tepu nyeupe ya mabomba ya maji, juu ya tepu imepakwa gundi ya gasketi, na bado ilikuwa inatoka jasho, na vipande vya hiyo gundi vingine vimebonyea kwa ndani kabisa, kipande kikikatika hapo kinasubiri kunyonywa kwenye chujio la pampu ya oili. Mwenye gari hajui lolote, yeye alilipia sevisi na akapewa risiti.

Kwenye sampo ya bati unaweza kuchongesha thredi kubwa zaidi ukaweka nati ya ovasaizi maisha yakaendelea. Kwenye magari mapya ambayo sampo ni alumini ndiyo majuto, thredi za alumini zikishalika kinachofuata mara nyingi ni sampo nzima, na bei ya sampo ya Benzi au BMW hata kama ni yuzdi, utanunua pampu hizi za mkono kadhaa na chenji inabaki. Ukinyonya kwa juu nati hiyo haiguswi. Inakaa pale kama ilivyotoka kiwandani miaka yote unayoimiliki hiyo gari. Kwangu hii peke yake inatosha.

Kuna jambo la bei nalo lisemwe kwa ukweli, maana wanaouza hizi pampu wanaiga maneno ya Wazungu. Kule Ulaya saa moja ya fundi ni hela kubwa, mtu akijibadilishia oili mwenyewe anaokoa kweli. Hapa kwetu kazi ya kumwaga oili ni hela ya chipsi, na sehemu nyingi ukinunua oili kwao wanakumwagia bure kabisa, kwa hiyo ukinunua pampu ukidhani utatajirika utasubiri sana. Faida iko kwingine. Wewe mwenyewe umenunua dumu limefungwa, umelifungua mwenyewe, umeona seal. Gari za Kijapani nyingi za miaka ya karibuni, Aqua kwa mfano, zinataka 0W-20, oili nyepesi, ukienda gereji unakuta pipa la oili ya kupima, 20W-50 au hata namba 40, oili nzito, kila gari inayoingia inamiminiwa hiyo. Na yale madumu mazuri ya oili orijino yaliyobaki gereji baada ya sevisi yako, umewahi kujiuliza kwa nini yanakusanywa na hayatupwi? Sisemi mafundi wote, wapo waaminifu kupita kiasi. Lakini oili feki ipo mjini, na ukibadilisha mwenyewe unapunguza mikono inayoigusa kabla haijaingia kwenye injini yako.

Usalama sitauongelea sana, kila mtu anajua jeki ya kwenye buti ni ya kubadilishia tairi, sio ya mtu kulala chini yake, na kwenye mchanga wa viwanja vyetu hata stendi zinazama. Watu wamefia uvunguni. Pampu inaliondoa hilo lote.

Haya, sasa ile hoja ya mafundi ambayo wenyewe hawaisemi. Fundi anapoingia chini ya gari kufungua nati, anaona. Anaona buti ya shafti, ule mpira unaofunika kiungo chake, imechanika na grisi imerukia pembeni, anaona bushi zimekatika, sili ya kranki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, inatoa jasho, bomba la breki limeanza kutu, plastiki ya chini inaning'inia. Nusu ya magonjwa ya gari yanaonekana chini kabla hayajasikika juu, na buti ya shafti ikiwahiwa ni kazi ndogo, ikichelewa ni shafti nzima. Mtu wa pampu anaweza kukaa miaka 3 hajawahi kuona tumbo la gari lake. Hapa sina jibu la kuitetea pampu zaidi ya kusema angalau mara moja au mbili kwa mwaka ipeleke kwenye shimo la gereji ikaangaliwe, hata kama hutaki iguswe.

Halafu ile oili inayotoka kwa nati inaongea. Ikitoka na chengachenga zinazong'aa, fundi mzuri anaweka kidole anakwambia hapa kuna bearing inakula. Na kama nati yako ni ya sumaku zile za chuma unaziona zimeganda pale kwenye ncha. Ndani ya tangi la pampu huoni kitu, labda uimwage oili taratibu kwenye beseni safi na umulike, na wachache wana subira hiyo.

Pampu pia ina makosa yake ya kujitakia. Kubwa ni kujaza kupita kiasi: umenyonya ukadhani imeisha kumbe mrija ulijikunja umetoa lita 2.5, halafu unamimina lita 3.7 kama kitabu kinavyosema, oili inapanda mpaka kranki inaipiga inatoa povu, na oili yenye povu hailindi kitu. Dawa yake ni rahisi, tangi lina alama za lita, soma kilichotoka kabla hujamimina. Nyingine ni mirija laini ya bei chee, ikikutana na oili ya moto inalegea na unaweza kuvuta mrija ukarudi na kipande pungufu, na hicho kilichobaki ndani sasa ndicho kitashusha sampo. Na kama pampu yako inafaa kunyonyea haidroliki ya stelingi, sawa, ila usije ukaigeuzia kwenye mafuta ya breki, tone la oili linavimbisha mipira yote ya mfumo wa breki.

Kinachoamua mwisho wa siku ni filta iko wapi. Forester zenye injini ya FB, za kuanzia 2011 hivi, filta iko juu mbele, unafungua boneti unaiona. BMW 3 Series za E90 za petroli, Benzi C-Class nyingi za W203 na W204, filta iko juu. Hizo, aisee, sioni sababu ya kulala chini, pampu imetengenezewa gari hizo. Lakini IST na wenzake filta unaifikia kwa chini. Ukinyonya oili halafu ukaingia chini kwa ajili ya filta umeokoa nini zaidi ya nati? Na ukiacha filta ya zamani kwa uvivu, umemwaga oili mpya kupitia takataka za zamani. Mwenye IST mimi namwambia aende gereji yenye shimo, abebe oili yake, filta yake na washa yake mfukoni, asimame pale, na fundi akichukua bomba aseme hapana.

Kitu cha mwisho ni oili chafu, hapo gereji inakushinda wazi. Wao wana pipa na kuna watu wanakuja kulichukua. Wewe utabaki na dumu la lita 4 nyumbani, na watu wa mazingira, NEMC hapa kama NEMA kule Kenya, wanaihesabu hiyo ni taka hatarishi, sio ya kumwaga mtaroni wala kwenye mizizi ya mwembe. Mafundi seremala wanaipenda kwa kupaka mbao mchwa wasizile, ila kuishika kwa mikono mitupu kila siku sio salama kwa ngozi. Ipeleke kwenye pipa la gereji ya karibu, wengi hawakatai maana wanaiuza. Na ikiwa bado ipo nyumbani iandike kabisa kwa maka peni OILI CHAFU, maana lile dumu la njano ulilotumia ni lilelile watu wanawekea mafuta ya kupikia.