Ethi Ni Nani?

Sangara wa kwanza niliyemchonga alitoka na mikia miwili. Mteja wangu, mwenye baa kule Kirumba, Mwanza, aliugeuza ubao mara mbili, akaniuliza kama ndio wanaovuliwa siku hizi.

Mashine ya kuchonga niliinunua kuukuu, ile ya kuzungusha kwa mkono. Nikaifunga mota tatu za stepa, zinazozunguka hatua kwa hatua, nikaiunganisha na kompyuta. Spindo, ile inayozungusha kisu, ikiwa imezimwa, inatembea kama bibi harusi. Nikiiwasha tu, inveta inayoiendesha ikaanza kuvuma, mashine inadhani imegonga limiti swichi, ile ya kuiambia imefika mwisho wa njia, inasimama. Nikiilazimisha kuendelea, imeshasahau ilipokuwa. Hapo ndipo mkia wa pili unapozaliwa.

Nikabadilisha programu. Nikabadilisha kebo. Nikamgombeza kijana wangu, ambaye siku hiyo hata hakuja kazini.

Asubuhi moja nikaingia pekupeku, nikaegemea fremu kwa kiwiko. Ikanitekenya mpaka begani! Mita ikasoma volti 110 kati ya bodi ya mashine na nyutro. Pawasapulai hizi huvujisha umeme kidogo kwenye bodi kupitia vichujio vyake, ushukie kwenye ethi, ule waya wa kuupeleka ardhini. Ukikosa njia, unakaa pale pale unasubiri kiwiko cha mtu.

Nikafungua soketi. Matundu matatu, safi kabisa, na nyuma yake waya wa kijani na njano umekatwa na kukunjwa kama mkia wa mjusi. Urembo tu. Kumbe ndiyo maana hata kelele za umeme za inveta zilikosa pa kwenda, zikaingia kwenye nyaya za swichi. Aliyeifunga namwachia Mungu.

Basi nikanunua ethi rodi, fimbo ya chuma ya kupigilia ardhini, ya mita 1.2. Lakini mimi nimepanga Mabatini, mlimani, nyumba zimekalia mawe kama kuku juu ya mayai. Nyundo ya kwanza, ya pili, sentimita 30, ngwii! Nikahama mara tatu. Udongo nikaupata nyuma ya bafu, kwenye migomba ya mama mwenye nyumba, panapomwagika maji ya kuogea. Nikachimba shimo, nikaweka mkaa na kilo mbili za chumvi ili udongo upitishe umeme vizuri, kama mafundi wa zamani. Giza likaniingilia, na meni swichi nilikuwa nimeizima.

Tochi ikanimulika usoni.

"Mwadila, baba. Unazika nini kwenye migomba yangu?"

"Mwadila, mama. Nazika ethi."

Kimya. Akaangalia chumvi. Akaangalia mkaa.

"Ethi ni nani?"

Nilieleza mpaka jasho likanitoka. Kufika saa mbili, majirani watatu walikuwa wameshapita kunipa pole ya msiba.

Kesho yake nikafunga bodi, inveta na shildi (yale maganda ya chuma) za nyaya za swichi, kila shildi upande mmoja tu, zote zikakutana kwenye boliti moja inayoshuka kwa Ethi. Nikashika fremu pekupeku: kimya. Sangara akatoka na mkia mmoja, magamba yakahesabika. Mwenye baa akalipa.

Ila mgomba wa karibu na kaburi umeanza kukauka majani. Mama mwenye nyumba anasema marehemu ana chumvi nyingi, na kodi ya mwezi huu nimeongezewa bei ya mkungu mmoja.