Kilti kwenye hafla za kimataifa: ni vazi rasmi au ni kujionyesha?

Aprili 2004 Jack McConnell, ambaye wakati huo ndo alikuwa Waziri Kiongozi wa Scotland, alitokea New York kwenye onyesho la mavazi la wiki ya tartani, yaani kile kitambaa cha miraba ya rangi cha Waskoti, akiwa amevaa kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Scotland, tena ya mistari myembamba, ile mistari ya kwenye suti za watu wa benki. Kwao magazeti yalimshukia kwelikweli. Na angalia hapa, lawama haikuwa kwamba kiongozi kavaa kilti mbele ya wageni, lawama ilikuwa kwamba kaivaa vibaya. Hiyo tofauti ndo nataka tuiongelee, maana ubishi wa kilti kwenye shughuli za kimataifa wengi wanauanzia pembeni, wanauliza kama mwanaume aruhusiwe kuonyesha magoti mbele ya mabalozi, wakati swali lenyewe ni kama hilo vazi limefika kwenye kiwango alichoandika mwenyeji kwenye kadi ya mwaliko.

Tuanze na hiyo kadi basi. Hafla kubwa zina ngazi za mavazi. Juu kabisa ni tai nyeupe, yaani koti jeusi lenye mikia kwa nyuma, kizibao cheupe na tai nyeupe ya kipepeo. Inafuata tai nyeusi, lile koti la jioni lenye kola ya hariri. Halafu ndo suti ya kawaida. Sasa mara nyingi kwenye kadi kuna nyongeza fupi inayosema "au vazi la taifa", na hiyo nyongeza haijawekwa kwa mapambo. Karamu ya Nobel kule Stockholm, ambayo hufanyika tarehe 10 Desemba, mwanaume anatakiwa avae tai nyeupe au vazi la taifa lake. Mwandishi wa Kolombia Gabriel García Márquez mwaka 1982 alipokea tuzo yake akiwa na liqui liqui nyeupe, vazi la watu wa ukanda wa kwao, katikati ya makoti meusi ya mikia. Wangari Maathai alipoenda Oslo 2004 kupokea Nobel ya amani alivaa vazi la kiafrika la rangi ya machungwa na hakuna mtu aliyehisi kakosea. Hata Royal Ascot, zile mbio za farasi ambazo eneo la wageni wa kifalme wana ukali wa mavazi kuliko sehemu nyingi, vazi la taifa wanalipokea. Kwa hiyo kwa upande wa kanuni mlango uko wazi, na mlinzi anayemrudisha Mskoti getini kwa sababu tu hana suruali anakuwa amevunja utaratibu wa bosi wake mwenyewe.

Ila kuruhusiwa ni kitu kimoja na kufaa ni kitu kingine.

Kinachonishawishi mimi kwenye kilti sio uzee wake, ni kwamba Waskoti wameijengea ngazi ndani yake. Kilti yenyewe ni kitambaa cha sufu, kwa kawaida kama yadi 8, kimeshonwa marinda mazito nyuma na kikafungwa kwa mikanda midogo ya ngozi kiunoni. Hiyo haibadiliki sana. Kinachobadilika ni vinavyoizunguka. Mchana unavaa koti la twidi, tai ya kawaida na ile pochi ya mbele, sporani, ya ngozi isiyo na madoido. Jioni ya tai nyeusi unavaa koti fupi jeusi lenye vifungo vya fedha wanaloliita Prince Charlie, kizibao, tai ya kipepeo, na sporani inakuwa ya manyoya yenye kichwa cha fedha. Ukialikwa kwenye tai nyeupe kuna makoti ya mahameli yanayofungwa mpaka juu na lesi nyeupe inashuka shingoni. Yaani kwa kila ngazi ya mwaliko kuna jibu lake, na mtu anayejua itifaki akikutazama kwa mbali anajua kama umeheshimu kadi au umejivalia tu. Mwigizaji Sean Connery alipopewa heshima ya Sir na Malkia Elizabeth pale Holyrood, Edinburgh, Julai 2000, alikuja na vazi kamili la hivyo, tartani ya ukoo wa upande wa mama yake, na picha ile hata leo ukiiangalia huwezi kusema jamaa alikuja kienyeji.

Hapo ndo unaelewa kosa la kilti ya mistari ya benki. Ilichukua kitu kutoka ngazi ya ofisini ikakipeleka kwenye vazi la heshima, na matokeo yake haikukaa popote.

Sasa upande wa pili, na nausikiliza kwa makini kwa sababu una hoja nzito kuliko watu wanavyodhani.

Hoja ya kwanza wanasema kilti ya leo sio ya kale kihivyo, ni kitu kilichotengenezwa. Na ni kweli kwa sehemu kubwa. Watu wa milimani kaskazini mwa Scotland walikuwa wanajifunga shuka kubwa la sufu toka karne ya 16, sehemu ya chini inakuwa kama kilti na ya juu inatupiwa begani, na hii fupi ya marinda ilikuja mwanzoni mwa karne ya 18, tena kuna maelezo yanayompa sifa hiyo Mwingereza mmoja wa Lancashire mwenye kiwanda cha chuma, Thomas Rawlinson. Watu wa nyanda za chini za Scotland walikuwa wanaiona nguo ya wezi wa ng'ombe. Halafu 1822 Mfalme George IV anakuja Edinburgh, mwandishi Walter Scott ndo anasimamia sherehe, mfalme anavaa kilti juu ya soksi za kubana za rangi ya ngozi, na ghafla vazi la milimani limekuwa la Scotland nzima. Ukiisoma hivyo tu unaweza kusema hiki ni kiini macho.

Lakini katikati ya hizo habari mbili kuna 1746. Baada ya vita ya Culloden, ambapo jeshi la serikali liliwapiga waasi wengi wao watu wa milimani, serikali ya London ilipitisha sheria ya kupiga marufuku mavazi ya milimani, ukikamatwa mara ya kwanza jela miezi 6, ukirudia unasafirishwa kwenda makoloni ya ng'ambo miaka 7, na waliosamehewa ni wale waliokubali kuwa askari wa mfalme. Sheria hiyo ilikaa mpaka 1782, miaka 36, mtoto aliyezaliwa mwaka inapitishwa alikuwa mtu mzima mwenye familia yake ndo anaruhusiwa kuvaa nguo ya babu yake. Mimi kwangu vazi ambalo watu walifungwa kwa ajili yake halihitaji cheti cha kuzaliwa ili liitwe la taifa. Na tukianza kudai ukale wa miaka elfu, basi koti la tai nyeusi lenyewe ni la karne ya 19 tu na hakuna anayelihoji.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi. Wanasema lengo la kupanga mavazi ni kuwafanya wageni wote wafanane ili macho yaende kwenye shughuli, sio kwa mtu mmoja. Ukiingia na kilti kwenye ukumbi wa makoti meusi 300, wewe umekuwa shughuli. Hii naikubali kwa baadhi ya hafla. Msiba wa kitaifa wa nchi nyingine, kikao cha majadiliano ambapo wewe ni mjumbe wa kawaida tu na sio mwakilishi wa Scotland, sherehe ambayo siku ni ya mtu mwingine, hapo kilti nyekundu inayong'aa inaweza kula heshima ya mwenye siku. Ndo maana wenyewe wana tartani za rangi tulivu, kijani kizito na bluu nyeusi, na anayejali anachagua hizo. Ila hoja hii haiwezi kuwa marufuku ya jumla, kwa sababu ukiifuata mpaka mwisho utamvua Mfalme wa Bhutan gho yake, ambayo nayo inaishia gotini na soksi ndefu, na utamvua afisa wa Fiji sulu yake, ile nguo ya kiunoni kama sketi, anayoivaa na koti na tai, na utamvua Mwomani joho lake. Kufanana wanakokutaka ni kufanana na Ulaya ya karne ya 19, tuseme tu ukweli.

Halafu magoti. Hapa watu wa pwani tuna cha kusema kwa sababu mwanaume kujifunga kikoi au saruni kwetu sio habari, kwa hiyo ule mshtuko wa "mwanaume kavaa sketi" hautukai sana. Ila kuna suala la stara ambalo ni la kweli kabisa. Kilti iliyoshonwa kwa vipimo sahihi inaishia usawa wa goti, na ukikaa inapanda. Kwenye meza ya karamu haina shida. Lakini ukialikwa Muscat au Zanzibar na wageni wanakaa chini kwenye zulia, mbele ya wenyeji ambao kwao kati ya kitovu na goti la mwanaume ni sehemu ya kusitiriwa, hapo kilti inamweka mwenyeji kwenye hali ya kuinamisha macho, na mgeni hajaenda kumfanyia hivyo aliyemkaribisha. Hapo naona haifai, na sijali kadi imesema nini.

Kitu kingine ni kisu. Vazi kamili lina kisu kidogo kinachochomekwa kwenye soksi ya kulia. Uingereza yenyewe sheria ya 1988 inayokataza visu hadharani inatambua vazi la taifa kama utetezi, na Waomani wanajua vizuri jambo hili maana khanjari kiunoni ndo inakamilisha vazi lao la shughuli. Lakini ulinzi wa mkutano wa kimataifa haufanyi kazi kwa sheria za Edinburgh, na kwenye ndege hukipandishi nacho kwenye kabini, kinaenda kwenye mzigo. Kikiachwa hotelini vazi halipungui heshima yake.

Nani anaruhusiwa kuivaa? Humza Yousaf, ambaye baadae 2023 akawa Waziri Kiongozi, mwaka 2016 aliapa bungeni Scotland kwa Kiurdu akiwa na sherwani, lile koti refu la watu wa Pakistan na India, juu na kilti chini. Baba yake alizaliwa Pakistan, mama yake Kenya. Kwangu ile picha ndo jibu zuri kuliko mijadala yote ya damu na koo, kwamba ukiwa wa nchi ile unaivaa, na unaweza kuiunganisha na cha kwenu bila kuharibu chochote.

Na hapa sasa nafika kwenye kinachoniuma. Waskoti walikaa wakakipa kitambaa chao ngazi za mchana, jioni na usiku wa kifalme, wakaanzisha mpaka rejista ya serikali ya tartani, iliyofunguliwa 2009. Sisi je? Kenya 2003 wabunge walitolewa bungeni kwa kuvaa mavazi ya kiafrika, 2004 likazinduliwa vazi la taifa ambalo halikushika, halafu Novemba 2023 Spika Wetang'ula akapiga marufuku suti ya Kaunda bungeni wakati rais mwenyewe alikuwa anaivaa mara kwa mara. Kanzu na koti na kofia ya mkono ina uzito wote wa kuingia Stockholm, nasema hivyo bila kusita, lakini hakuna aliyekaa akaandika kwamba kwa mwaliko wa tai nyeupe unavaa hivi na kwa tai nyeusi unavaa vile, kwa hiyo kijana akialikwa anakimbilia kukodi koti la mikia lisilomtosha mabega.

Kwa anayeshika kadi sasa hivi na hajui afanyeje, kama imeandikwa vazi la taifa basi vaa kilti kamili ya ngazi hiyo, usipunguze kitu. Kama haijaandikwa, piga simu ofisi ya itifaki uulize, sio aibu, ni kazi yao. Na kama jibu ni hapana au sehemu yenyewe ni ya kukaa chini, Waskoti wana suruali nyembamba za tartani wanazoziita truzi, zinavaliwa na koti la jioni la kawaida na tai ya kipepeo, goti limefunikwa na rangi za ukoo bado zinaonekana.