Trela Iliyoondoka Bila Gari

Shemeji yangu huamini kwamba kitu chochote chenye magurudumu kinaweza kupakiwa juu ya kitu kingine chenye magurudumu, mradi mpakiaji awe na moyo. Aliponunua pikipiki ya magurudumu manne, ile ya kupanda milima na kupita matopeni, hakuwa amejiuliza itafikaje huko milimani na matopeni, ilhali chombo chenyewe hakikuundwa kwa safari ndefu za lami. Mimi ndiye niliyekuwa na gari lenye mkono wa kuvutia, na kwa sifa hiyo moja tu nikateuliwa kuwa mshauri wake katika ununuzi wa trela, cheo ambacho kiligeuka kuwa hakina mamlaka yoyote.

Yadi ya trela ilipakana na mahali aliponunulia pikipiki, kwa hiyo aliiendesha mpaka katikati ya yadi, akaizima, akasimama kando yake huku akizitazama trela zote kwa macho ya mkaguzi. Trela ya kwanza ilimpendeza kwa rangi. Nilitoa tepu ya kupimia, nikapima pikipiki kutoka ukingo wa nje wa tairi moja hadi ukingo wa nje wa tairi la upande wa pili, nikapata sentimita 120. Kisha nikapima nafasi iliyokuwa ndani ya trela, nikapata 116. Shemeji naye alikuwa amepima kivyake, lakini alipima pamoja na madigadi za pande zote mbili, ndiyo maana hesabu yake ilikuwa na nafasi ya kutosha na nyingine ya kuazimisha. Nilipomweleza kwamba pikipiki haitakaa juu ya madigadi, alijibu kwamba tairi ni mpira, na mpira hukubali kubanwa.

Trela ya pili ilikuwa na ekseli mbili na urefu wa kumbeba yeye, jirani yake na ugomvi wao wote. Muuzaji alitugongea kibati kilichopigiliwa ubavuni, akatangaza kwamba inabeba tani tatu na nusu. Hapa sina budi kusema jambo moja, kwa sababu wauzaji hulipita haraka sana: namba kubwa iliyo kwenye kibati ni uzito wa jumla, yaani trela pamoja na kila kilichomo, na mtu anayetaka kujua mzigo wake halali hana budi kutoa kwanza uzito wa trela yenyewe. Hata hivyo, tatizo letu halikuwa hilo. Kitabu cha gari langu kilisema wazi kwamba lisivute zaidi ya kilo 1,200, na trela ile ingemaliza sehemu kubwa ya ruhusa hiyo kabla hatujapakia hata kofia. Shemeji aliuliza kama gari haliwezi kuzoea taratibu.

Ya tatu ndiyo iliyonituliza. Ilikuwa na ekseli moja, sakafu ya mbao yenye upana wa mita moja na nusu na urefu wa karibu mita mbili na nusu, na mlango wa nyuma wa wavu wa chuma ambao ukilazwa chini huwa daraja la kupandishia. Kibati kilisema kilo 750, trela yenyewe ilikuwa na kilo 230, kwa hiyo zilibaki 520 kwa pikipiki ya kilo 320, mafuta yake, vifaa, na matope ambayo shemeji angerudi nayo. Magurudumu yake pia yalikuwa ya ukubwa wa heshima; gurudumu dogo hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, na beringi zake hupata moto mapema. Nilisema kwamba hii inafaa. Shemeji akasema kwamba hawezi kununua kitu ambacho hajakijaribu, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona amenena neno la busara.

Trela haikuwa imefungwa kwenye gari. Ilisimama peke yake, mkono wake wa mbele umeegemea jeki yenye kigurudumu, na hakuna kilichozuia magurudumu yake isipokuwa uzito wake na tabia yake njema. Nilipendekeza tuifunge kwanza kwenye gari langu, au angalau tukinge magurudumu kwa vipande vya mbao. Muuzaji alitabasamu kwa upole wa mtu aliyezoea wateja waoga, akamwita kijana wake wa kazi, akamwambia akalie mkono wa trela ili usiinuke.

“Huyu ndiye uzito wetu,” alisema kwa fahari.

Nilimtazama yule uzito. Nilimkadiria kuwa na kilo 60, naye alikuwa amekaa mita mbili hivi mbele ya ekseli. Pikipiki ingeingia kwa nyuma ikiwa na kilo 320, bila kumhesabu shemeji, na ingepita mahali palipo mita moja nyuma ya ekseli hiyo hiyo. Trela ya ekseli moja ni mizani, na mizani haina adabu kwa mtu mwepesi. Nilifungua kinywa ili kuieleza hesabu hiyo, lakini injini ilikuwa imekwisha kuwashwa.

Shemeji alipanda daraja kwa gia nzito, mgongo wima. Magurudumu ya mbele yalipogusa sakafu ya mbao, kijana alianza kupaa. Alipaa bila kelele, miguu ikining'inia, uso wake ukionyesha mshangao wa mtu ambaye hakuelezwa sehemu hii ya kazi. Kisha pikipiki ikavuka ekseli, mizani ikageuka, na kijana akateremshwa kwa kishindo ambacho jeki ilikihimili vizuri kuliko yeye. Aliruka kando akiwa anajishika kiunoni, na tangu hapo trela ikawa haina msimamizi.

Shemeji, kwa kuwa alikuwa amefika mwisho wa sakafu, alikanyaga breki. Breki zilikuwa bora kabisa: pikipiki ilisimama palepale juu ya trela, na mwendo iliokuwa nao ikaukabidhi trela. Trela za ukubwa ule mara nyingi hazina breki zake zenyewe, na yadi ilikuwa na mteremko ambao hakuna aliyeutambua mpaka dakika ile. Wakaanza kuondoka, trela chini, pikipiki juu, shemeji juu ya vyote viwili, kwa mwendo wa mtu anayetembea kwenda kusalimia. Tepu yangu ilikuwa imenasa ukingoni mwa trela, nami nikabaki nimeshika kasha lake huku ikijikunjua mita baada ya mita, mpaka mita zote 5 zikaisha na kasha likanitoka mkononi likawafuata.

Jambo ambalo sitalisahau ni kwamba shemeji aliendelea kuendesha. Alikata usukani kulia, akakata kushoto, akapiga honi, akabana breki kwa nguvu zaidi, na magurudumu ya pikipiki yakamtii kwa kila amri, yakageuka huku na huku juu ya mbao, wakati trela ikiendelea na njia yake iliyonyooka kuelekea ofisini.

Ofisi ilikuwa meza chini ya turubai lililofungwa kwenye nguzo nne. Mvua ya usiku ilikuwa imelibonyeza katikati, likashika maji mengi kiasi kwamba ilibidi mtu ainame kupita. Muuzaji alitukimbilia mbele, si kumwokoa mteja bali kukiokoa kitabu cha risiti, na alikifikia sekunde ileile ambayo kigurudumu cha jeki kilikwama kwenye mguu wa meza na msafara ukasimama. Hakuna aliyeumia. Kukawa kimya. Mambo yangeweza kuishia hapo.

“Usirudi nyuma, shemeji!” nilipiga kelele, kwa sababu nilikuwa nimeuona mkono wake ukienda kwenye gia.

Alirudi nyuma. Baadaye alijitetea kwamba mtu akikwama mbele, nyuma ndiko kunakobaki. Pikipiki ilivuka ekseli kwa upande wa pili, mkia wa trela ukaenda chini, na mbele ikainuka pamoja na jeki, ambayo mpini wake mrefu uliingia katikati kabisa ya lile tumbo la turubai na kulisukuma juu. Maji yote yakakimbilia upande mmoja. Upande huo ndio alikokuwa amesimama muuzaji, amekumbatia kitabu chake kifuani.

Kijana wa kazi alikuwa wa kwanza kucheka, na nadhani alistahili.

Baada ya hapo muuzaji alikubaliana na kila nilichopendekeza. Tuliifunga trela kwenye gari, tukapishanisha minyororo ya usalama chini ya mkono wake, tukakinga magurudumu, na pikipiki ikapanda kwa utulivu wa kuchosha. Tuliisogeza mbele kidogo ya ekseli, hadi karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote ikawa imelalia gari, kwa maana trela iliyolemewa nyuma huyumba barabarani. Kisha tukaifunga kwa mikanda minne, mmoja kila pembe, tukaikaza mpaka springi zikashuka.

Shemeji alilipa. Risiti aliyopewa ilikuwa imelowa, na wino ulikuwa umetawanyika kwa namna ya ajabu, kwani bei ilisomeka vizuri kabisa lakini sehemu ya dhamana ilikuwa doa tupu la buluu. Aliomba aandikiwe nyingine. Muuzaji, akikamua shati lake, alimjibu kwamba arudi kitabu kitakapokauka, na ikiwezekana aje kwa miguu.